Mifuko Mitano Iliyobaki

Mfuko ulikutwa Jumanne asubuhi chini ya meza ya muuza nyanya, pale sokoni. Muuzaji aliusukuma kwa mguu mara mbili akidhani mteja kausahau. Mara ya tatu uzito wake ukamshtua, akainama, akasikia ndani kuna kitu kinahesabu kama saa. Hakupiga kelele. Baadaye alisema miguu ilimtangulia, akili ikamfuata nyuma. Watu wakaondolewa, wakaja wataalamu wa jeshi wamevaa manguo mazito kama magodoro, wakaufungua polepole, na mji mzima ukashusha pumzi. Kilichokuwamo, walisema, kingelifagia soko lote pamoja na shule iliyo ng'ambo ya barabara, asibaki wa kumzika mwenzake.

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma aliipata habari kama kila mtu, akatikisa kichwa kama kila mtu, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Ilikuwa Jumatano mchana ndipo habari ilipomfika yeye mwenyewe. Mumewe ni fundi baiskeli, na kila siku humletea magazeti yaliyokwisha kusomwa anayoyapata kwa jirani, naye mke huyakatia vielelezo vya nguo. Basi alikuwa ametandaza gazeti mezani, mkasi mkononi, anataka kukata kielelezo cha mkono wa koti, akaiona picha chini ya ncha ya mkasi.

Turubai la kijivu. Vishikio viwili. Chini ya kila kishikio mraba ulioshonwa kwa uzi wa samawati, na ndani ya mraba mistari mitatu imekingama.

Fundi hawezi kukumbuka sura za watu wote aliowapima, lakini mshono wake anaujua kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe katikati ya kundi la watoto. Mafundi wote wa mji ule, wakishona kishikio, hushona mraba na alama ya kuzidisha ndani yake. Yeye peke yake hushona mistari mitatu, kwa sababu bibi aliyemfundisha kazi alimwambia alama ya kuzidisha huchanika katikati mzigo ukizidi. Na ule uzi ulikuwa wa chama cha Mwavuli. Mwezi uliopita aliwashonea mashati mia mbili, na chama kiliagiza uzi wake kiwandani, rangi ya samawati isiyouzwa duka lolote. Yakabaki maroli mawili ya uzi huo. Hakuna aliyeyaulizia. Akayatia chini ya meza, akasema moyoni kwamba ndani ya mfuko nani atachungulia rangi ya uzi.

Akaweka mkasi chini. Akalikunja gazeti, picha ndani.

Sasa msikie balaa ilivyokaa. Mji ule una vyama viwili, Ngazi na Mwavuli. Ngazi wanavaa rangi ya damu ya mzee na wanakaa zaidi upande wa mlimani. Mwavuli wanavaa samawati na wamejaa bondeni. Mwenyekiti wa Ngazi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mnene mwenye sauti, watu wamembandika jina Simenti. Kiongozi wa Mwavuli ni mwalimu mstaafu, mwembamba kama chaki zake, naye huitwa Mwalimu tu. Watu hawa wawili hawakuwa wamesalimiana kwa miaka tisa. Wakikutana msibani, mmoja hukumbuka kwamba ameacha kitu kwenye gari.

Picha ilipotoka tu, Simenti alipanda juu ya gari lenye kipaza sauti. "Uzi ule ni wa nani?" akauliza mji mzima. "Mimi sisemi. Kila mtu ana macho."

Mwalimu naye akajibu jioni hiyo hiyo, pembeni ya uwanja, kwa sauti yake ya darasani. "Na ile ngazi iliyoshonwa chini ya kishikio ni ya nani? Vidaraja vitatu, hesabuni wenyewe. Wamebeba bomu lao na wakatia saini."

Kila upande uliona alama moja ukapofuka kwa ya pili. Alfajiri ya Alhamisi polisi wakashuka bondeni, wakabeba vijana watatu wa Mwavuli waliogawa yale mashati. Mmoja wao alikuwa mpaka rangi, mdogo wake fundi baiskeli, anayelala chumba cha uani kwa kaka yake. Shemeji wa fundi cherehani.

*

Mchana fundi alimpelekea chakula kituoni. Kwenye kaunta alikuwa amekaa koplo mmoja mwenye masharubu, akafungua bakuli, akachukua kalamu aliyokuwa anaandikia, akaitumbukiza ndani ya chakula akakoroga.

"Afande, hiyo kalamu ina wino," fundi akasema.

"Na wewe una ndugu gaidi. Nani mwenye kasoro hapo?" Akaonja kwa kidole. "Chumvi kidogo. Mwambie mpishi."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Fundi alifunga bakuli, akaomba ruhusa, akapita. Shemeji yake alikuwa amekaa chini, nyuma ya nondo, mdomo umevimba upande mmoja.

"Shemeji, umeona ukuta huu?" akasema alipomwona. "Umebambuka wote. Nimewaambia nikitoka nitawapakia, bei ya jamaa. Hawajanijibu."

"Kula kwanza."

"Mbona chakula cha buluu?"

"Ni wino. Kula pembeni."

Akala pembeni. Alikula kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani. Halafu akasimama karibu na nondo, akashusha sauti. "Wananiuliza nimempa nani mfuko. Mfuko wenyewe nimeuona kwenye picha tu, wanaponipiga nayo usoni. Nakuapia, shemeji, sijui lolote."

"Najua."

"Unajuaje? Hata kaka aliniangalia vibaya asubuhi waliponichukua."

Fundi alilifunika bakuli. "Kesho nitakuletea tena," akasema, akatoka na bakuli lake. Koplo akamwambia aende salama, wala hakumtazama.

*

Jioni alikaa na mumewe na mama mkwe wake, mlango umefungwa. Mama mkwe alikuwa mzee wa maneno machache, miguu inamuuma, ulimi hauumwi. Fundi alilisema jambo lote mara moja, kama mtu anayechomoa mwiba.

Mumewe aliinama, mikono yake yenye grisi imening'inia katikati ya magoti. "Mteja alikuwa nani?"

"Simjui. Mtu wa makamo, msafi, kucha zake zimekatwa vizuri. Alisema ni fundi bomba, anataka mifuko ya kubebea vyuma. Chini iwe tabaka mbili, vishikio imara. Nikataja bei, akalipa. Hakupunguza hata kidogo."

"Hakupunguza?" mama mkwe akauliza.

"Hata kidogo, mama."

"Mteja asiyepunguza bei ni wa kumtazama usoni mara mbili. Nyie watoto mkiona pesa mnatazama mkono."

"Choma huo uzi," mumewe akasema. "Leo. Kachome na mabaki ya turubai. Hakuna anayejua ila sisi watatu."

"Na mdogo wako?"

"Hawana ushahidi. Watamwachia."

"Na ile mitano?"

"Mitano ipi?"

"Nilishona sita, baba. Sita kwa siku mbili. Mmoja ndio huo wa sokoni. Mitano iko naye."

Fundi baiskeli aligeuka akautazama mlango, kana kwamba mifuko hiyo imepangwa nje. Keshokutwa ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio, watu wanatoka kila pembe na watoto mgongoni.

"Twende polisi basi," akasema taratibu.

"Nikienda peke yangu nitalala chumba kimoja na shemeji, na nusu ya mji itasema nimenunuliwa. Nikienda kwa Mwavuli, mlimani watasema ni njama. Nikienda kwa Ngazi, bondeni watasema ndio hao hao. Mwisho watu wataendelea kurushiana mawe, na yule mtu apite katikati na mifuko yake. Polisi wakipekua peke yao, bondeni nani atawafungulia mlango wiki hii? Hata wewe ungefungua?"

Mumewe asingefungua, naye alijijua.

"Kwa hiyo waite wote wawili," mama mkwe akasema.

"Mama, fahali wawili hawakai zizi moja."

"Hukaa, mwanangu. Ukilifunga zizi." Akanyoosha mguu wake mbovu. "Si wote wawili wameleta vitambaa vya makoti ya kikao cha baraza? Waite waje kujaribu. Mwanaume hakatai kujaribiwa koti."

*

Ijumaa saa tatu kamili Mwalimu alibisha hodi ya mlango wa uani, kwa sababu huko ndiko alikoambiwa apite. Fundi alimweka nyuma ya pazia, kwenye kijisehemu cha kubadilishia nguo, akamvisha koti ambalo halijashikizwa bado. Akalibana kwa pini mbavuni, kwapani, mgongoni, mabegani. Alitumia pini nyingi kuliko kazi ilivyotaka.

"Usigeuke, Mwalimu. Nakuja."

Simenti aliingia kwa mlango wa mbele dakika kumi baadaye, akalalamikia joto, akasimama katikati ya chumba mikono ameitanua. Naye akavishwa, naye akabanwa. Alipomaliza pini ya mwisho, mama mkwe aliburuta kigoda chake, akakiegemeza mlangoni, akakaa na ungo wa mchele. Fundi akatia komeo mlango wa uani, akavuta pazia.

Wanaume wawili walitazamana, kila mmoja amesimama kama mti wa kuanikia nguo.

"Fundi," Simenti akasema, "huyu anafanya nini hapa?"

"Anafanya unachofanya wewe, Mwenyekiti. Anajaribu koti."

"Basi mimi nitakuja siku nyingine." Akainua mkono kutaka kulivua. Pini ya kwapa ikamkumbusha adabu. Akashusha mkono.

"Nilisahau kukwambia usigeuke," fundi akasema.

"Hii ni njama," Mwalimu akasema kutoka kwake, shingo imenyooka. "Mama, tafadhali nivue."

"Nitakuvua, Mwalimu. Nyote nitawavua. Nipeni muda wa kushona kitu kidogo, mtazame, halafu mwende zenu."

"Na mkitoka kwa mlango huu mtanipita mimi," mama mkwe akaongezea bila kuinua macho kwenye mchele wake. "Nami miguu inauma, siondoki upesi."

Fundi alitandaza gazeti mezani, picha juu. Akatoa roli la uzi chini ya meza, akalitunga. Akachukua kipande cha turubai la kijivu, akakaa kwenye cherehani. Hakusema neno. Miguu ilikanyaga, sindano ikapanda na kushuka, mraba ukajifunga, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haikuchukua dakika moja. Akakata uzi kwa meno, akaliweka lile pande kando ya picha.

"Hiyo ngazi unayoisema, Mwalimu, ni hiyo hapo. Na huo uzi unaousema, Mwenyekiti, ndio huo. Vyote viwili ni vyangu. Hakuna cha chama hapo. Ni mkono wangu na uchu wangu wa kutotupa uzi."

Waliinama wote wawili kutazama, kadiri pini zilivyowaruhusu. Mchele ulisikika ukiteleza kwenye ungo.

"Alikushonesha nani?" Mwalimu akauliza mwishowe.

Akawaeleza.

"Mingapi?" Simenti akauliza.

"Sita."

"Sita?" wakasema wote wawili kwa mpigo. Ndilo neno la kwanza walilolisema pamoja kwa miaka tisa, na kila mmoja alimtazama mwenzake kama aliyeibiwa.

Simenti alikuwa ameanza kutoka jasho. "Kesho ni gulio," akasema. "Ni lazima polisi wapekue bondeni leo, nyumba kwa nyumba."

"Bondeni hakuna mlango utakaofunguka. Vijana wetu watatu wamechukuliwa kwa kinywa chako."

"Na mlimani je? Kijana wako akionekana na shati lile atapigwa mawe. Watu wanasema..." Akakatiza.

"Wanasema nini?"

"Wanasema mnaua halafu mnatusingizia. Sikuwafundisha hivyo."

Mwalimu alivuta pumzi taratibu, kwa sababu ya pini. "Na wa kwangu wanasema nyinyi mmetega wenyewe. Hilo nililisema mimi, kwa kinywa changu, mbele ya watu elfu. Nilihesabu na vidaraja."

Fundi alisimama pembeni ameshika mkasi wake bila kujua. Alikuwa amezoea kuwasikia wanaume hawa kupitia kwenye vyuma vya kipaza sauti. Hakuwahi kumsikia mmoja wao akisema kosa lake kwa sauti ya kawaida, chumbani, kama mtu anayetaja namba ya kiatu.

"Sasa mimi nitawaambiaje watu kwamba nilikosea?" Simenti akauliza.

"Kwa mdomo ule ule."

"Na kipaza sauti kile kile," mama mkwe akasema.

"Tutasema pamoja," Mwalimu akasema. "Juu ya gari moja. Wewe useme lako, niseme langu, asibaki mmoja wetu na kinywa safi cha kumcheka mwenziwe kesho."

Simenti akageuka kwa fundi, kwa uangalifu sana. "Toa pini. Twende kwa mkuu wa polisi. Na wewe utakuja nasi."

"Nitarudi?" fundi akauliza.

Hakuna aliyemjibu, naye aliwaheshimu kwa hilo. Uongo ulikuwa karibu na mdomo na hawakuutumia.

*

Kituoni alikalishwa kwenye benchi la korido, mlango wa mkuu umefungwa. Alisikiliza sauti. Mwanzoni zilikuwa sauti mbili zikigombana, ya tatu ikizituliza. Halafu, taratibu, jambo likageuka. Zile mbili zikawa upande mmoja, zinaigombeza ya tatu. Mkuu alikuwa anasema hiyo ni kazi ya serikali, vyama vikae pembeni, raia wataumia. Simenti akasema raia wataumia zaidi kesho. Mwalimu akasema watu wa vyama ndio watapita nyumba kwa nyumba, hawatagusa kitu, wataangalia tu, wawili wawili, mmoja abaki kuzuia watu na mwenzake akimbie kuwaita polisi. "Mmoja wangu na mmoja wake," akasema. "Mlango usiomfungulia yule utamfungulia huyu."

Koplo mwenye masharubu alipita pale koridoni, akamwona fundi, akasimama. Akapita.

Mkuu wa polisi alitoka mwenyewe, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Wewe ndiye mwenye mshono?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Mtu asiyejua kushona ataujuaje mfuko wako kwa mbali?"

"Ataujua akishika mfano. Nipeni turubai niwashonee kila wawili kipande chao. Uzi bado ninao."

"Kufikia saa sita utashona vingapi?"

"Mkiniachia miguu yangu, hamsini."

Akarudishwa nyumbani na askari wa kike wa kumlinda asitoroke. Akakaa kwenye cherehani akashona. Mraba, mistari mitatu, kata. Mraba, mistari mitatu, kata. Askari alitazama vipande vitano hivi, halafu akaweka kofia yake mezani, akachukua mkasi akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia. "Mama yangu alikuwa fundi," akasema, basi.

Ndipo gari likapita. Fundi aliijua sauti ya Simenti kabla ya kulielewa neno. Ilikuwa inasema, "Nilisema uzi ule ni wa Mwavuli. Nilikosea. Vijana wale hawana kosa nililolijua, nilisema kwa hasira." Kikafuata kikohozi, na sauti nyembamba ikachukua hapo hapo, juu ya gari hilo hilo. "Na mimi nilisema ni ngazi. Haikuwa ngazi. Niliwafundisha uongo, nami ni mwalimu." Halafu wakapokezana kueleza: mfuko ulivyo, mtu alivyo, kila mwenye sare aje mlangoni kwa fundi na sare yake, asije mtu amejificha ndani ya shati jeupe.

Mtaa ulisimama. Mwanamke aliyekuwa anachota maji bombani aliacha ndoo ijae, maji yakamwagika juu ya miguu yake, hakuondoka. Mzee mmoja alivua kofia kama mtu aliyepitiwa na jeneza. Fundi alikuwa dirishani, mguu juu ya cherehani, nao ulikuwa umesahau kukanyaga.

"Shona, mwanangu," mama mkwe akamwambia nyuma yake. Sauti ya mzee ilikuwa na kitu ndani yake ambacho fundi hakuwahi kukisikia kwa miaka ishirini na mbili. "Tangu nizaliwe sijaona. Wewe shona."

*

Walikuja. Kwanza watu kumi, wakajipanga kwenye kuta mbili zinazotazamana, damu ya mzee upande huu, samawati upande ule, kama wanaosubiri kuanza kupigana. Halafu wakawa sitini, halafu mtaa haukupitika. Askari aliwaita mlangoni wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, akawapa kipande na maneno matatu: ona, simama, ita. Msiguse.

Fundi aliwaona wakipita. Alimwona mumewe na shati lake la samawati, ameunganishwa na karani wa duka la Simenti, ambaye wiki iliyopita alikataa kumuuzia msumari. "Unatembea haraka?" karani akamuuliza. "Mimi ni wa baiskeli," mumewe akajibu, wakaenda.

Alimwona muuza mkaa, mwanamke wa Ngazi mwenye mabega ya kiume, ambaye kibanda chake kilichomwa uchaguzi uliopita. Aliitwa pamoja na mtoto wa mtu anayesemekana ndiye aliyewasha kiberiti, mwanamume wa miaka thelathini sasa, kinyozi. Mtaa ulinyamaza kuwaangalia. Walipokea kipande bila kutazamana. Hatua tatu mbele, muuza mkaa alisimama, akamgeukia kinyozi, akamnyoosha ukosi wa shati uliokuwa umekunjika.

"Ya baba yako tutazungumza siku nyingine," akasema. "Leo ukitembea na mimi utembee umenyooka."

"Sawa, mama."

Fundi aliinamisha kichwa kwenye kazi maana macho yalikuwa yamejaa, na sindano ya cherehani haina huruma na kidole.

Alishona vipande hamsini na vinne. Uzi ulipokwisha aliachia miguu yake, na sasa hakukuwa na la kumzuia kuogopa. Saa nane. Saa tisa. Alikaa na askari, mama mkwe akawamiminia chai, hakuna aliyeinywa. Kila mlango uliobamizwa mahali popote uliwafanya watatu washike meza. Alifikiria mifuko mitano, vishikio imara, tabaka mbili chini. Alikuwa ameishona vizuri. Hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba aliishona vizuri.

Karibu saa kumi watu wakaanza kukimbia kuelekea chini, halafu wakarudishwa kuja juu. Askari akaiweka redio yake sikioni, akasikiliza, akafumba macho.

Mifuko ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, katika chumba cha kupanga. Mwenye nyumba alikuwa mama wa bondeni aliyeapa kutomfungulia polisi, lakini mlangoni alimwona kinyozi wa mtaani kwake katika samawati, na kando yake muuza mkaa anayemuuzia kila wiki. Akafungua. Chumba cha wapangaji kilikuwa na kufuli, ila dirisha lake lilikuwa na pazia fupi, na chini ya pazia kishikio kilionekana juu ya kitanda. Kinyozi akainua kipande, akalinganisha. Mraba, mistari mitatu. Muuza mkaa akamwambia, "Wewe una miguu, kimbia." Yeye akasimama kwenye mdomo wa uchochoro, mikono ameitanua ukuta hadi ukuta, akawarudisha watu kwa kifua chake, na watoto wa mashine ya kusaga akawafukuza kwa matusi mpaka wa mwisho, naye hakusogea hatua hata moja mpaka jeshi lilipofika kumtoa.

Yote mitano ilikuwa pale. Mitatu ilikuwa imejazwa.

Wapangaji walikuwa wawili. Walikamatwa kituo cha mabasi kabla ya jua kuzama, na mmoja alikuwa na kucha zilizokatwa vizuri.

*

Fundi alipelekwa kituoni kumtambua, akamtambua kupitia kioo. Halafu akaandika maelezo, kurasa nne, mkono ukimuuma. Mkuu wa polisi aliyasoma akaweka kalamu.

"Mama, umeokoa watu ambao hatutawahesabu. Lakini mkono wako uko kwenye kielelezo cha kesi, na kesi hii ni ya juu yangu. Sheria haiko mfukoni mwangu. Ama ulale hapa mpaka Jumatatu, ama upate wadhamini wawili wanaojulikana, watakaojibu wao ukitoweka."

"Mume wangu ni fundi baiskeli," fundi akasema. "Mdhamini wa kujulikana sina."

Mlango ulikuwa wazi. Simenti na Mwalimu walikuwa wamekaa kwenye benchi la koridoni tangu magharibi, nafasi ya mtu mmoja katikati yao, vumbi la mitaa kwenye viatu. Hakuna aliyewaita. Walisimama kwa wakati mmoja, wakagongana mabega mlangoni, mmoja akarudi nyuma akamwachia mwenzake. Fundi hakuona vizuri ni yupi.

"Nipe karatasi," Simenti akasema.

"Mnajua inasemaje?" mkuu akawauliza. "Mama huyu akikosekana, mnajibu nyinyi wawili kwa pamoja. Siyo kila mtu lake. Kwa pamoja."

"Nasoma," Mwalimu akasema, na kweli alisoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari. Akasahihisha kosa la herufi moja. Akatia sahihi. Simenti akatia yake chini yake, kubwa, ikaingia kidogo juu ya ile ya mwenzake kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

Fundi aliyatazama majina yale mawili, wino mmoja, karatasi moja. Alisoma miaka michache tu utotoni na barua nyingi zilimpita, lakini ile aliisoma. Alitaka kushukuru, shukrani ikawa ndogo kuliko kitu chenyewe. Koplo mwenye masharubu aliwafungulia wale vijana watatu nondo, akamrudishia shemeji wa fundi mkanda na viatu kwa mikono miwili.

Nje ya geti palikuwa pamejaa. Hawakuwa wakiimba wala kupiga makofi. Damu ya mzee na samawati zilikuwa zimechanganyika hovyo, hakuna kuta mbili tena, na walipomwona fundi anatoka ameshikwa mkono na shemeji yake, watu waligawanyika kimya kumpa njia. Mumewe alikuwa mwisho wa njia hiyo na mama yake ameegemea bega lake. Shemeji alitaka kufanya mzaha, akaangalia umati ule, akauacha.

Nyuma yao wadhamini wawili walitoka wakishuka ngazi za kituo.

"Ule mtaro wa bondeni," Mwalimu alikuwa anasema, "pesa zake zililiwa na watu wako, na Jumatatu kwenye baraza nitakuuliza."

"Uliza. Mimi nitakuuliza mawe ya msingi wa zahanati yalikwenda kujenga nyumba ya nani."

"Lete risiti."

"Lete na wewe zako."

Walipita wakibishana, mmoja mnene mmoja mwembamba, hatua zao zimelingana, wala hakuna aliyeharakisha kumwacha mwenzake nyuma. Fundi alisimama barabarani akawasikiliza mpaka wakakata kona, kama mtu anavyosimama mlangoni kusikiliza mvua ya kwanza ikipiga bati.